Injini ya Bure



Majuma mawili yaliyopita safu hii haikuonekana, na baadhi yenu mlimuuliza imamu kama tunaumwa. Hatukuwa wagonjwa. Tulikuwa safarini, na katika safari hiyo tulianguka kutoka juu ya pikipiki mbele ya watoto wa chuo wapatao thelathini, kanzu yetu ikiwa imenaswa na cheni. Habari hiyo ilifika pwani kabla yetu, na kila aisimuliaye huitia chumvi yake. Basi ni heri tuisimulie wenyewe, maana ndani yake mna jambo zito kuliko goti la mzee.

Tulialikwa na walimu wa vyuo vya Kurani vya Diff, ambavyo wenyewe huviita dugsi, tukae nao siku kumi. Atokaye Mombasa hupita Malindi, Garsen na Hola, huvuka mto Tana kwa daraja la Garissa, kisha hufuata barabara ya kaskazini kupitia Modogashe hadi Habaswein. Hapo huiacha barabara kuu na kuelekea mashariki, safari ndefu ya mchanga na miiba, hata akakaribia kuingia Somalia. Mji wa mwisho upande wetu ndio Diff, katika Wajir Kusini. Ni mji wa wafugaji, watu wa ngamia na mbuzi, na mazungumzo yake yote, yawe ya harusi au ya siasa, huishia kwenye maji. Maji hutoka visimani na kusambazwa kwa mikokoteni ya punda iliyoundwa kwa ekseli na matairi ya magari yaliyokufa. Sisi tuliozaliwa Lamu tulidhani twamjua punda na kazi zake, kule tulinyamaza.

Mwenyeji wetu ni mzee wa makamo, naye anaishi na dada yake mjane pamoja na watoto wa dada huyo. Mkubwa wa watoto ni kijana wa miaka 17 ambaye hatutamtaja jina. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa pampu za maji, na kijana alirithi vifaa vya baba na, twaweza kusema, mikono yake. Siku ya tatu, baada ya sala ya Alasiri, alikileta uani mwa msikiti kipikipiki alichokiunda mwenyewe. Kilikuwa kifupi, hakipiti kiuno cha mtu mzima, lakini kilinguruma kama simba aliyenyimwa chakula.

Tuliomba atueleze. Kijana ambaye mezani hakuwa amesema maneno kumi akafunguka kama kitabu. Fremu aliiunda kwa mabomba ya chuma ya maji, yaliyokatwa kwa msumeno wa mkono. Alipotaka kukunja bomba alilijaza mchanga mkavu, akaliziba pande zote mbili, akalipasha moto wa makaa, ndipo akalikunja. Mchanga huzuia bomba lisibonyee pale penye kona. (Mchanga Diff haununuliwi.) Magurudumu yalikuwa ya wilbaro. Ili gurudumu la mbele na la nyuma yakae katika mstari mmoja alivuta uzi toka moja hadi jingine, akafumba jicho moja. Tulitabasamu, kwa sababu ndivyo tulivyowaona mafundi wa majahazi wa Matondoni tangu utoto wetu, wasio na ramani wala karatasi, na chombo hutoka kimenyooka.

Injini ilikuwa ya pampu ya maji, ile ya silinda moja ya kuwashwa kwa kuvuta kamba, yenye ujazo wa sentimita 163. Klachi hakuwa na fedha ya kuinunua. Alichukua puli mbili na mkanda wa kinu cha posho kilichoharibika, akauacha mkanda ulegee, kisha akaweka kishikio cha kuukaza. Ukikaza, mkanda huishika puli na chombo huenda. Ukilegeza, injini huzunguka peke yake. Kutoka puli ya pili, cheni ya pikipiki kuukuu iliipeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma.

Akachukua kijiti akatuandikia hesabu mchangani. Injini huzunguka mara 3,600 kwa dakika, na hapo huzuiwa na gavana. Si yule wa kaunti. Ni kifaa kidogo ndani ya injini, chenye kazi kama ile ya vidhibiti mwendo ambavyo matatu zetu zililazimishwa kufunga mwaka 2004. Puli hupunguza mzunguko kwa nusu, ukawa 1,800. Spoketi ndogo ina meno 14 na kubwa 42, nao hupungua kwa theluthi mbili, ukawa 600. Gurudumu lina kipenyo cha sentimita 40, kwa hiyo kila mzunguko hulisogeza mbele mita moja na robo. Zidisha: ni kama kilomita 45 kwa saa. Mtoto huyu aliacha shule kidato cha pili.

Basi tulifanya lile ambalo watu wa mimbari hulifanya haraka mno. Tulisimama tukamsifu. Tuliwaambia watoto habari za al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206 na kueleza humo, miongoni mwa mengi, mtambo wa kupandisha maji kwa pistoni mbili. Tuliwaambia pia kwamba vyombo vidogo vya namna hii havikuanzia Diff: wakati wa Vita Vikuu vya Pili Waingereza waliunda pikipiki ya kukunja, yenye injini ya ujazo wa 98, ishuke kwa mwavuli pamoja na askari, na mwaka 1961 kampuni ya Honda iliunda kijipikipiki cha ujazo wa 49 kwa ajili ya bustani ya michezo ya watoto huko Japani. Tulitia chumvi kidogo, Mungu atusamehe, tukasema Diff nayo imejiunga na mataifa.

Kijana akasema: "Basi panda, Sheikh."

Tungekataa, tungekuwa tumeyakana maneno yetu wenyewe. Tulipanda. Alivuta kamba, injini ikawaka, nasi tukakaza kile kishikio kama tulivyoagizwa. Hatutaficha: kwa muda wa pumzi tano hivi tulikuwa na furaha ambayo hatukuwa nayo tangu tulipokuwa vijana tukipiga mbizi gatini. Kisha tukaona kwamba uwanja unateremka kuelekea kisimani, na kisimani pana mikokoteni na wanawake wanaojaza maji. Tulikilegeza kishikio. Mkanda ukalegea kweli, lakini chombo kiliendelea kwa uzito wake na wetu, na wetu si haba. Tukapiga kelele: "Breki iko wapi?" Nyuma yetu kijana akajibu kwa sauti ya mtu anayesema jambo la kawaida: "Miguu, Sheikh!"

Kabla hatujaitumia miguu, pindo la kanzu liliingia kwenye cheni, ambayo haikuwa na kifuniko. Likazungushwa mara moja, mara mbili, gurudumu likagoma, nasi tukalala ubavu. Breki ya kwanza ya chombo kile ilikuwa kanzu yetu. Watoto walijizuia kucheka kwa adabu ambayo bado twaistaajabia.

Ugonjwa huu ni wa kale. Wanahistoria wa Andalusia wamesimulia kwamba Abbas ibn Firnas wa Kordoba, katika karne ya 9, alijifunika manyoya, akajifungia mbawa, akaruka. Alipaa, wasema, umbali wa kutosha. Lakini alipotua aliumia mgongo, kwa sababu alikuwa amesahau kwamba ndege hutua kwa msaada wa mkia, naye hakujitengenezea mkia. Mwenye kuunda huanza na kuondoka, na kusimama hukumbuka baadaye. Hata hivyo wapo wasio na fedha waliokumbuka. Ndugu zetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, huunda chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo huteremsha magunia ya viazi na makaa kutoka milimani. Mji wao umeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Chombo hicho ni cha mbao tupu na vipande vya tairi, lakini kipo kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, na mwendeshaji hukikandamiza kwa mguu likasimama. Kumbe breki si jambo la fedha.

Usiku ule, goti limefungwa kitambaa, tulimwita kijana atusomee gharama. Alikuwa ameziandika katika daftari la shule. Mabomba shilingi 900. Magurudumu mawili 1,200. Cheni na spoketi kuukuu 700. Puli na mkanda 800. Vijiti vya kuchomelea 400. Waya wa mafuta na springi 250. Jumla shilingi 4,250, nazo alizipata kwa kubeba mizigo na kutengeneza mikokoteni ya watu. Mstari wa mwisho uliandikwa: injini, bure.

Tukamwuliza bure ni vipi. Akasema ilikuwa ya baba. Ndipo mama yake, aliyekuwa nyuma ya pazia akisikiliza, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Sheikh, umeuliza habari ya breki, hukuuliza habari ya injini. Mwambieni aseme ilikuja vipi nyumbani."

Ilikuja begani mwa mfugaji mmoja. Aliileta pampu yake kwa marehemu itengenezwe, akaacha nusu ya ujira. Huo ulikuwa wakati wa ukame ule mkubwa, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa mwaka 2020. Mfugaji yule hakuweza kungoja. Alivuka mpaka na ngamia waliobaki kutafuta malisho, asirudi. Marehemu aliimaliza kazi, akaiweka pampu chini ya kitanda. Kisha akafa. Kijana aliikuta pale pamoja na spana na nyundo, naye akaihesabu katika mirathi. Mama alijua, lakini alinyamaza, kwa sababu kile kipikipiki kilikuwa kimeanza kubeba jerikeni mbili mbili na kuleta unga nyumbani. Hatukumlaumu kwa kunyamaza. Tulijiuliza tu ni wangapi tungenena, tukiwa mahali pake.

Wasomaji wetu mtauliza: je, kitu kikikaa miaka hivyo bila mwenyewe, si kama kilichookotwa, hutangazwa mwaka kisha aliyekiokota akakitumia? La. Hapa ndipo wengi wetu hukosea, na mafundi wa cherehani, wa saa na wa simu wa hapa Mombasa watusikilize kwa makini. Cha kuokota ni kile kilichopotea. Pampu ile haikupotea. Ilikabidhiwa mkono kwa mkono, nayo ni amana. Haiingii katika mirathi hata kidogo, bali hutengwa na kurudishwa kabla warithi hawajagawana. Aliyewekewa amana hadaiwi kitu ikiharibika pasipo uzembe wake. Lakini siku anapoitumia bila idhini, imeingia katika dhamana yake: ikivunjika ni juu yake, na matumizi yenyewe yana ujira ambao mwenye mali ana haki ya kuudai. Kijana hakujua, na kutojua humwondolea dhambi, deni halikuondoka. Na liko la kumkosesha mtu usingizi zaidi: amana ile ilikuwa ya baba yake, aliyelala kaburini akitumaini kwamba wa nyumbani kwake wataifikisha.

Neno hilo la mwisho hatukulisema. Kijana alilisema mwenyewe, huku akiangalia mkeka.

Twataka tuweke wazi kwamba hatukusimulia haya kuwaonyesha wa bara mbele ya wa pwani. Januari 2022 serikali ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Na vifuniko vya mitaro vya mtaa wetu havikuchukuliwa na watu wa Diff. Sisi huku twanunua bomba la bei rahisi, twafurahia unafuu, hatuulizi lilitoka kwa nani. Nasi tuliotoa hotuba uani mwa msikiti tulikisifu chombo kizima pasipo kuuliza swali hata moja kuhusu kila kipande. Sifa zile zilikuwa zetu, na ni sisi tuliomfanya kijana aone aibu kuziachia mbele ya wenzake. Kwa hiyo kesho yake, katika darsa, tuliwaambia watoto kwamba jana tulikosea: tumesifu chombo kisicho na breki wala kifuniko cha cheni, na asikipande mtu mpaka vipatikane. La injini halikuwahusu, nalo halikutajwa.

Alfajiri hiyo hiyo kijana alikuwa ameifungua injini. Aliifuta, akamwaga petroli, akatia oili kidogo ndani ya silinda isishike kutu, akaifunga kwenye gunia na kuirudisha chini ya kitanda cha mama yake. Fremu ilibaki ukutani. Mdogo wake alikaa juu yake akinguruma kwa mdomo.

Kumtafuta mwenye mali kulikuwa kazi ya mwenyeji wetu. Kwa Wasomali mtu hapotei kirahisi. Ukijua ukoo wake umekwisha mpata nusu. Mzee alituma ujumbe wa sauti kwa mtu, naye kwa mwingine, na siku ya nane simu ikaja kutoka upande wa Afmadow. Kijana alikuwa akitetemeka. Mjomba wake alimpa simu akasema mwenyewe. Kijana alisema yote: baba amekufa, pampu ipo, nimeiendesha miezi saba kwa kubebea maji, sikujua, nisamehe au unidai. Ng'ambo pakawa kimya. Kisha sauti ya mzee ikauliza neno moja, ambalo tulitafsiriwa baadaye: "Inawaka?"

Kijana akamwachia mdogo wake simu, akaileta injini uani kama ilivyo katika gunia, akatia petroli, akavuta kamba. Mara ya kwanza haikuwaka, wala ya pili, kwa ile oili. Ya tatu ikawaka, na simu ikasogezwa karibu.

Mwenye mali alimwombea marehemu rehema. Miezi iliyopita akaisamehe. Akasema kisima chake cha zamani kimefukiwa na mchanga na hana haja na pampu mpaka atakaporudi baada ya mvua. Hadi hapo kijana aitumie, ila ikiharibika atailipa. Tulitazamana na mwalimu wa chuo. Hiyo ndiyo hukumu ya kitu cha kuazima kama tulivyoisoma katika vitabu vyetu vya Kishafii, naye mzee wa ngamia aliitoa kwa simu akiwa, kwa sauti tuliyoisikia nyuma yake, katikati ya kunywesha maji.

Tumerudi pwani na haja moja. Magurudumu ya wilbaro hayana beringi za kustahimili mwendo, wala hayana mahali pa kufungia breki, na kijana amekataa kukiwasha tena chombo mpaka apate gurudumu lenye breki. Kuipachika anajua. Mwenye gurudumu la pikipiki ndogo lililotolewa, ambalo ngoma ya breki bado nzima, pamoja na viatu vyake na waya, au kifuniko cha cheni cha pikipiki yoyote kuukuu, alilete msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Mjumbe wetu ataondoka kwa basi la Garissa Jumatatu ijayo. Na tafadhali, alete lililo lake, tutamwuliza.